Ansel Adams, lenzi zake, na kilichobaki nje ya picha

Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, niliazima kamera kwa rafiki, nikaenda nayo nyumbani wakati wa likizo, nikampiga nyanya yangu picha akiwa amesimama mbele ya nyumba yake. Nyuma ya nyumba hiyo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, upo mlima Kasigau, ambao huinuka peke yake kutoka katika nyika ya Taita. Nilitaka nyanya, nyumba na mlima vyote vionekane. Filamu iliposafishwa, nyanya alikuwapo na nyumba ilikuwapo, lakini mlima ulikuwa umegeuka kichuguu. Nyanya aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni nani aliyeula mlima wetu. Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata kwa fundi mmoja wa studio mjini Voi, mzee ambaye alikuwa amepiga picha za harusi na za vitambulisho kwa miaka mingi. Alinieleza kwamba nilikosea mara mbili. Kwanza, nilisimama karibu mno na nyumba. Pili, kamera yangu ilikuwa na lenzi fupi, ambayo kazi yake ni kukusanya mengi na kuyapunguza yaliyo mbali. Macho ya binadamu, alisema mzee yule, hukikuza kile ambacho moyo unakithamini, ilhali lenzi haithamini chochote. Maadamu haina moyo, ni juu ya mwenye kamera kuichagulia.

Maneno hayo yalinirudia miaka mingi baadaye, nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamifu katika isimu. Siku moja niliingia katika jumba la makumbusho kwa sababu tu ya kukwepa baridi, nikajikuta mbele ya picha isiyo na rangi: kijiji kidogo, kanisa dogo, misalaba myeupe makaburini, milima yenye theluji, na juu yake mwezi katika anga nyeusi. Aliyeipiga ni Mmarekani Ansel Adams. Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya maisha yake, na leo nataka kumsimulia msomaji habari zake. Nafanya hivyo si kwa sababu alikuwa hodari tu, jambo ambalo halina ubishi, bali kwa sababu maisha yake yanatufunza kwamba kuchagua lenzi ni kuchagua la kusema, na kwamba mwenye kuchagua la kusema hana budi kuulizwa pia juu ya lile alilolinyamazia.

Ansel Adams alizaliwa mjini San Francisco, katika jimbo la California, tarehe 20 Februari 1902. Alikuwa mtoto wa pekee. Alipokuwa na umri wa miaka minne, mwezi Aprili 1906, mji huo ulikumbwa na tetemeko kubwa la ardhi. Mtetemo mmojawapo uliofuata ulimtupa kwenye ukuta wa bustani, akavunjika pua, na pua hiyo ikabaki imepinda hadi kufa kwake. Mwaka uliofuata misukosuko ya fedha iliikumba Marekani, na mali ya familia, iliyotokana na biashara ya mbao, ikapukutika. Shuleni hakutulia. Baba yake, ambaye kwa hakika alikuwa mzazi wa busara adimu, alimtoa shule alipokuwa na umri wa miaka 12, akamtafutia walimu wa nyumbani, na mwaka 1915 akamnunulia tikiti ya mwaka mzima ya maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyofanyika mjini humo, ili hayo ndiyo yawe darasa lake. Wakati huohuo kijana huyo alijifundisha kusoma muziki na kupiga piano, na kwa miaka mingi nia yake ilikuwa kuishi kwa kinanda.

Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 14, alipelekwa na wazazi wake kwenye bonde la Yosemite katika milima ya Sierra Nevada. Huko walimpa kamera ndogo ya sanduku aina ya Kodak Brownie. Kamera hiyo ilikuwa na lenzi moja tu, iliyopachikwa kiwandani, isiyoweza kubadilishwa. Aliyekuwa nayo hakuwa na la kuchagua ila mahali pa kusimama na wakati wa kubonyeza. Huenda hilo lilikuwa jambo la heri, kwani mtoto huanza na maneno machache, na kwa hayo machache hujifunza kwanza kulenga. Tangu mwaka huo Adams alirudi Yosemite kila mwaka wa maisha yake. Mwaka 1919 alijiunga na Sierra Club, chama cha wapenda milima na watetezi wa mazingira, na kuanzia mwaka 1920 alikuwa mlinzi wa nyumba ya chama hicho bondeni kwa misimu minne ya kiangazi.

Hapa sina budi kumweleza msomaji kamera kubwa ni kitu gani, maana si hizi za kutia mfukoni, wala zile zilizomo ndani ya simu. Ni fremu mbili zilizounganishwa kwa mfuko wa ngozi unaokunjika na kukunjuka kama mvukuto wa mhunzi. Fremu ya mbele hubeba lenzi. Ya nyuma hubeba kioo cha ukungu, na juu ya kioo hicho mandhari huonekana juu chini. Mpigapicha hujifunika kichwa kwa kitambaa cheusi ili aione sura hiyo, kisha huondoa kioo na kutia mahali pake bamba moja la kioo lililopakwa dawa, au karatasi moja ya filamu. Karatasi aliyoizoea Adams katika kazi zake kubwa ilikuwa ya inchi 8 kwa 10, yaani takriban sentimita 20 kwa 25. Kila picha ni karatasi moja, na kila karatasi ni mzigo, gharama na dakika kadhaa za kazi.

Kamera ya namna hiyo haina lenzi yake ya kudumu, hivyo mwenyewe ndiye anayechagua, na uchaguzi una mashauri kadhaa. La kwanza ni urefu wa fokasi. Kwa filamu ya inchi 8 kwa 10, lenzi ya takriban inchi 12 au 13 huonyesha mandhari kwa kiasi cha wastani. Iliyo fupi kuliko hiyo huona kwa upana na kuvifanya vya mbali vidogo. Iliyo ndefu huona kwa ufinyu na kuvifanya vya mbali vikubwa. Shauri la pili ni duara la mwanga. Kila lenzi hutupa nyuma yake duara, na duara hilo sharti liifunike filamu yote na kubakiza nafasi, kwa kuwa mpiga mandhari hupenda kuinua fremu ya mbele ili kilele kiingie bila ya kuiinamisha kamera. Duara likiwa dogo, pembe za picha hufa gizani. La tatu ni tundu linalopitisha mwanga: likiminywa, majani ya karibu na vilele vya mbali vyote hutokea vikali, lakini muda wa kupiga hurefuka na upepo hupata nafasi ya kuyatikisa majani. La nne ni uzito, maana lenzi hubebwa mgongoni au na nyumbu hadi juu ya mlima.

Juu ya hayo yote kuna kanuni ambayo wengi huisahau, na ambayo mzee wa Voi alinipa bila ya kitabu. Lenzi haibadilishi uhusiano kati ya nyumba na mlima. Unaoubadilisha ni mguu. Ukisogea karibu na nyumba, nyumba hukua na mlima hubaki ulivyo. Ukirudi nyuma sana, nyumba husinyaa na mlima hubaki karibu vilevile, na hapo ndipo lenzi ndefu inapokuja kuvikuza vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo mpigapicha mwenye akili huchagua kwanza mahali pa kusimama, kisha ndipo huchagua lenzi ya kupimia kitakachoingia na kitakachoachwa.

Adams alijifunza kanuni hizo pole pole. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 alifuata mtindo wa wakati wake, uliotaka picha ifanane na mchoro. Alitumia lenzi laini, zinazotandaza mwanga na kuacha ukungu mwepesi juu ya kila kitu. Ipo picha yake ya misonobari kando ya mto Merced, ya takriban mwaka 1921, ambamo miti inaelea kama ndotoni. Ni picha ya kupendeza, lakini ingeweza kupigwa na wengine mia.

Tarehe 10 Aprili 1927 mambo yalibadilika. Adams na marafiki zake, pamoja na Virginia Best aliyekuja kuwa mkewe mwaka uliofuata, walipanda kupitia thelujini hadi kwenye jabali linaloutazama uso wa mwamba mkubwa uitwao Half Dome. Mgongoni alibeba kamera ya inchi 6½ kwa 8½, lenzi mbili, vichujio viwili, na mabamba 12 ya kioo. Walipofika mahali alipopataka, mabamba yalikuwa yamebaki mawili tu. Lenzi aliyoifunga ilikuwa ya inchi 8½, fupi kiasi kwa bamba la ukubwa huo, ili mwamba uingie wote kutoka mahali pale pafinyu. La kwanza alilipiga kwa kichujio cha manjano. Mara akatambua kwamba anga ingetoka nyeupe, na mwamba ule uliomtisha ungekuwa jiwe la kawaida. Kwa bamba la mwisho alifunga kichujio chekundu chenye rangi nzito. Anga ikatoka nyeusi, na mwamba ukasimama kama hukumu. Picha hiyo, iitwayo Monolith, ndiyo aliyoihesabu daima kuwa mwanzo wake wa kweli, kwa sababu kabla ya kufungua lenzi alikwisha kuiona kichwani jinsi itakavyokuwa ikisafishwa.

Mwaka 1930 alikutana na mpigapicha Paul Strand huko Taos, katika jimbo la New Mexico. Aliziona negativu zake, zenye mwanga safi na ncha kali, na akaamua kuacha piano. Mwaka 1932 yeye, Edward Weston, Imogen Cunningham, Willard Van Dyke na wenzao wachache walianzisha kundi walilolipa jina la f/64, na mwezi Novemba wakaonyesha kazi zao mjini San Francisco. Jina hilo ni la tundu dogo sana katika lenzi za kamera kubwa, linalofanya kila kitu kionekane kikali kuanzia jiwe la karibu hadi kilele cha mbali. Kundi lenyewe halikudumu miaka mingi, lakini msimamo wake ulidumu: picha iwe picha, isijifanye mchoro. Mimi, kama mtu wa lugha, nauelewa msimamo huo. Ni sawa na mwandishi anayeamua kuacha mapambo na kuita jiwe jiwe.

Lenzi iliyohusishwa zaidi na Adams ilikuwa ya Kiingereza, Cooke Series XV. Wapenzi wa kamera kubwa bado wanaizungumzia, na sababu yake ni rahisi. Lenzi hiyo ni tatu ndani ya moja. Sehemu zake mbili zikifungwa pamoja hutoa fokasi ya takriban inchi 12. Sehemu moja ikiachwa peke yake hutoa takriban inchi 19, na nyingine takriban inchi 23. Mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo wa mbao na chuma hujua thamani ya kubeba kitu kimoja badala ya vitatu. Lakini faida kubwa zaidi ni ya akilini. Mwenye lenzi chache huzijua kama mtu anavyojua lugha ya mama. Hafungui kamusi kila anapotaka kusema neno.

Ushahidi ni picha ile iliyonisimamisha mimi katika jumba la makumbusho. Ilikuwa jioni ya tarehe 1 Novemba 1941, siku ambayo wanaastronomia waliikokotoa baadaye kwa kupima mahali mwezi ulipokuwa, kwani Adams mwenyewe hakuwa hodari wa kuandika tarehe. Alikuwa akirudi Santa Fe na mwanawe Michael na rafiki yake Cedric Wright, baada ya siku isiyo na mafanikio. Walipopita kijiji cha Hernandez aliona mwezi umechomoza na jua linaiaga misalaba ya makaburi. Alisimamisha gari kwa ghafla, wakahangaika kufunga kamera ya inchi 8 kwa 10, na mikono yake ikapanga upya sehemu za lenzi ya Cooke. Kipimamwanga hakikupatikana. Alikumbuka kwamba mng'aro wa mwezi ni mishumaa 250 kwa futi moja ya mraba, akakokotoa kichwani, akapiga. Alipoligeuza bamba ili apige la pili, jua lilikwisha kuiacha misalaba. Ilibaki negativu moja tu, ngumu kusafisha, ambayo mwaka 1948 aliitia dawa tena ili kuiongezea nguvu sehemu ya chini. Katika maisha yake alitoa kutoka humo zaidi ya picha 1,300. Katika dakika chache kama hizo mtu hapati nafasi ya kushauriana juu ya lenzi. Aidha umekwisha kuchagua miaka kumi nyuma, au umechelewa.

Umahiri wake haukuwa wa kujipamba. Mwaka 1936 alikwenda Washington kuwashawishi wabunge wa Marekani waihifadhi nchi ya Kings Canyon, akiwa amebeba picha kama hoja. Mwaka 1938 alitoa kitabu cha picha za Sierra Nevada, na kitabu hicho kilimfikia Rais Roosevelt. Mwaka 1940 hifadhi hiyo ilianzishwa kwa sheria. Ni wasomi wangapi kati yetu wanaoweza kusema kwamba kazi yao imelinda hata mto mmoja?

Nimemsifu vya kutosha, na sasa nageukia upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1944, katika mji mdogo wa Lone Pine chini ya Sierra Nevada, Adams alidamka alfajiri nne mfululizo katika baridi kali bila ya kupata alichokitaka. Siku ya tano alifanikiwa. Alikuwa amesimama mbali na kutumia sehemu ndefu ya lenzi yake, ile ya inchi 23, iliyoivuta milima yenye theluji na kuibandika juu ya vilima vyeusi, huku bondeni farasi mmoja akila majani katika kipande cha mwanga. Ni picha kamili. Isipokuwa kwamba kwenye kilima kimoja wanafunzi wa shule ya sekondari ya mji huo walikuwa wameandika kwa mawe meupe herufi mbili kubwa, L na P. Lenzi iliziona. Adams alizifuta. Alizihesabu kuwa kovu katika mandhari, na hakuona haya kulitaja jambo hilo.

Kwangu mimi, ambaye riziki yangu ni herufi, kisa hiki hakiishi kunikera. Watoto wa Lone Pine walikuwa wametamka jina la kwao juu ya kilima chao. Akaja bingwa, akawanyamazisha kwa ncha ya brashi.

Huenda msomaji akasema kwamba herufi mbili si kitu. Basi tusogee kilomita 15 hivi kaskazini mwa mji huo, hadi Manzanar. Mwezi Februari 1942, baada ya Japani kuishambulia Marekani, Rais Roosevelt alitia sahihi amri iliyowezesha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia halisi wa Marekani, kuhamishwa makwao na kufungiwa kambini. Manzanar, ambayo wakati mmoja ilikuwa na watu 10,000, ilikuwa mojawapo ya kambi hizo. Mwaka 1943 Adams alialikwa na msimamizi wa kambi kwenda kupiga picha. Alikwenda, akapiga nyuso za watu hao kwa heshima kubwa, na mwaka 1944 akachapisha kitabu kilichotetea uraia wao wakati vita vikiendelea. Lilikuwa jambo la ujasiri, na halikumpatia marafiki wengi.

Hata hivyo, minara ya walinzi, nyaya za miiba na askari wenye bunduki yalikuwa mambo yasiyoruhusiwa kupigwa picha. Mojawapo ya picha zake zijulikanazo sana za kambi hiyo, yenye safu za mabanda na milima nyuma yake, aliipiga akiwa juu ya mnara wa mlinzi. Msomaji na alitafakari hilo. Anayesimama juu ya mnara huona kambi yote, ila mnara wenyewe hauwezi kuingia katika picha yake, awe na lenzi fupi au ndefu.

Ndani ya kambi hiyohiyo alikuwamo mfungwa mmoja, Toyo Miyatake, aliyekuwa na studio mjini Los Angeles kabla ya vita. Wafungwa walikatazwa kuwa na kamera. Miyatake aliingiza lenzi kwa siri, seremala mmoja kambini akamchongea sanduku la mbao, na kwa chombo hicho akaanza kupiga picha za watu wake. Alipogunduliwa, msimamizi alimruhusu kuendelea, lakini kwa masharti, na mwanzoni ilibidi mzungu ndiye abonyeze. Miyatake hakuwa na lenzi tatu ndani ya moja. Alikuwa na moja tu, iliyofichwa. Lakini alikuwa amesimama chini, na kutoka chini nyaya za miiba zinaonekana. Yeye ndiye aliyetuachia picha ya wavulana watatu walioshika nyaya hizo.

Sasa turudi Yosemite, bonde ambalo Adams aliliimba maisha yake yote. Bonde hilo lilikuwa na wenyewe, watu waitwao Ahwahneechee. Mwaka 1851 kikosi cha wapiganaji wa kizungu kiliingia humo na kuwafukuza, yeye chifu wao Tenaya pamoja na watu wake. Wengine walirudi na kuendelea kuishi pembeni, wakifanya vibarua. Adams alipofika akiwa kijana mwaka 1916, walikuwapo. Nyumba za mwisho za kijiji chao ziliondolewa mwaka 1969. Lakini katika picha zake mashuhuri za bonde hilo utaona miamba, mawingu, theluji na maporomoko. Utadhani nchi hiyo iliumbwa asubuhi ya leo na hakuna mguu uliowahi kuikanyaga.

Katika darasa langu la sintaksia huwafundisha wanafunzi kauli ya kutendwa. Mtu akisema kwamba bonde lilihamwa, au ardhi iliachwa wazi, sentensi imetimia na haina kosa la sarufi. Kosa lake ni la kimaadili: imemficha mtenda na mtendwa kwa pamoja. Mandhari isiyo na watu ni sentensi ya namna hiyo. Ni sahihi, ni fasaha, tena hupendeza, na ndani yake mna jambo lililomezwa.

Nasi tusijitoe katika lawama. Ni kalenda ngapi zilizotundikwa katika afisi zetu zinazoonyesha ndovu wa Amboseli na Kilimanjaro nyuma yao? Mlima huo uko mbali, ng'ambo ya mpaka, na ni lenzi ndefu iliyouvuta hadi ukakaa mgongoni mwa ndovu. Lenzi hiyohiyo kwa ufinyu wake huiacha nje manyatta ya Mmaasai, ng'ombe wake, na njia anayoipita kwenda kunywesha. Sisemi kwamba aliyeipiga ni mwongo. Kila kilichomo kilikuwapo. Nasema tu kwamba mgeni akiisha kuzoea picha kama hizo, siku atakapomwona Mmaasai amesimama pale atamwona kuwa ni kovu katika mandhari.

Adams alipata heshima nyingi uzeeni. Mwaka 1980 Rais Carter alimtunuku nishani ya juu ya raia wa Marekani. Katika miaka yake ya mwisho aliandika upya vitabu vyake vitatu vya mafunzo, juu ya kamera, negativu na usafishaji wa picha, na kwa muda mrefu hapakuwa na mwanafunzi wa dhati wa fani hiyo asiyevipitia. Alifariki tarehe 22 Aprili 1984, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka uliofuata kilele kimoja cha Sierra Nevada kilipewa jina lake. Negativu zake za Manzanar alikuwa amekwisha kuzitoa kwa Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1965, na yeyote anaweza kuzitazama. Naliona hilo kuwa tendo la mtu aliyekubali kuulizwa.

Nimalizie kwa kisa changu. Likizo iliyofuata nilirudi kwa nyanya na kamera nyingine, yenye lenzi ndefu. Nilifuata mashauri ya mzee wa Voi, nikarudi nyuma nyikani hadi nyanya akawa kama nukta, kisha nikaiacha lenzi imkuze yeye, nyumba na mlima. Safari hii Kasigau ulitoka kama ulivyo, umemfunika nyanya kama mzazi. Nilimpelekea nikiwa nimejaa fahari. Aliitazama, akafurahi kuuona mlima wake, kisha akanyosha kidole kando ya picha na kuniuliza mkwaju uko wapi. Mkwaju huo ulisimama upande wa kushoto wa nyumba, na chini yake ndipo alipozikwa babu. Lenzi ndefu ilikuwa imeuacha nje, na mimi, niliyekuwa nikiutazama mlima, sikuuona hata ukiondoka.

Nyanya naye sasa amelala chini ya mkwaju huo. Picha zote mbili ninazo, na siwezi kusema ni ipi iliyo ya kweli zaidi. Katika moja mlima umeliwa, na katika nyingine babu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hiyo, msomaji, kila utakapoonyeshwa picha ya nchi nzuri, usiishie kuusifu mlima. Uliza alikosimama mpigapicha, na uliza mkwaju uko wapi.